Ukaidi wa Mtoto si Uadui

Mzazi ye yote aliyelea mtoto wa miaka miwili anajua kwamba neno "Sitaki" lina nguvu kupita umri wa mwenye kulitamka. Akivishwa, huvua, akiitwa alale, hukimbia, akiandaliwa uji, husukuma kikombe. Mambo haya yako Unguja na Pemba kama yalivyo Bara, na wengi huyahesabu kuwa madogo, ya kuzungumzwa na kina mama uani. Sisi tunayahesabu kuwa mambo ya umma. Leo tunapenda kuyatazama kutoka bonde la Kilombero, ambako ukaidi wa mtoto mdogo na uhai wake hukutana kila msimu wa mvua.

Ifakara ni mji wa mpunga. Msimu wa kilimo unapofika, jamaa nyingi za bondeni huhamia mashamba ya mbali na kukaa huko miezi kadhaa katika vibanda, vingine vikiwa madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo kuepa maji. Mama hulima, hupalilia na kuamia ndege, na mtoto aliyejifunza kukimbia juzi tu yuko kando yake. Hapo pana maji, pana jembe, pana moto wa kupikia, na jioni pana mbu. Zahanati iko mbali. Mahali kama hapo, mtoto asiyesikia neno si jambo la mzaha.

Basi ukaidi huu ni nini? Elimu ya makuzi inatufundisha kwamba baina ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, mtoto hutambua kuwa yeye ni mtu mbali na mamaye, mwenye matakwa yake mwenyewe. Lakini hana bado maneno ya kuyaeleza matakwa hayo, wala uwezo wa kuizuia hasira yake. Kujitupa chini na kulia ni usemi wake, si dharau. Anayempiga kwa kudhani amedharauliwa anaadhibu kosa ambalo halikutendwa.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wako walioigeuza methali hii kuwa hoja ya fimbo. Lakini kukunja si kuvunja, na mkono unaokunja samaki mbichi hauhitaji nguvu nyingi, unahitaji kujua aelekezwe wapi. Wazee hao hao walisema pia, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kwa hiyo hawakutufundisha ukali mtupu, wala hawakuturuhusu kumwachia mtoto kila alitakalo.

Mizani ya methali hizi mbili huonekana wazi katika tiba ya malaria. Kizazi chetu kinakumbuka uchungu wa klorokwini, jinsi mtoto alivyoshikwa miguu na mikono, akazibwa pua, na dawa ikamwagwa kinywani. Njia hiyo ni ya hatari, maana mtoto anaweza kupaliwa. Na dawa aliyoitema haimtibu. Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001, na mwishoni mwa 2006 ikaingiza dawa mseto, ambayo dozi zake ni sita kwa siku tatu. Hebu mzazi afikiri: kumnywesha mtoto mbishi mara sita, na huku homa ikishuka baada ya dozi mbili tatu, nguvu za ubishi zinarudi kabla dawa haijakwisha!

Hapo ndipo Ifakara ilipotoa somo. Mwaka 2008 Dk. Salim Abdulla wa taasisi ya utafiti wa afya ya hapo, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 899 katika Benin, Kenya, Mali, Msumbiji, Tanzania Bara na Zanzibar. Walilinganisha kidonge cha kawaida kilichosagwa na kidonge kipya chenye ladha tamu kinachoyeyuka majini. Vyote viwili viliponya zaidi ya watoto 97 katika kila 100. Ndugu zetu wa Visiwani waone basi kwamba watoto wao nao walichangia elimu hii.

Tuzingatie maana yake. Wataalamu hawakusema mtoto apigwe mpaka ameze, wala hawakusema aachwe kwa kuwa hataki. Walibadili njia, wasibadili shabaha. Hivyo ndivyo malezi yanavyopaswa kuwa. Kunywa dawa hakuna hiari. Lakini kikombe au kijiko, kwa mama au kwa baba, hayo mtoto anaweza kuchagua, na akichagua huona heshima yake imehifadhiwa. Kadhalika chandarua. Uchunguzi wa Kilombero na Ulanga uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kuokoka kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Mtoto alie akitaka, lakini chandarua kichomekwe.

Tena tunatoa onyo. Mtukutu akinyamaza ghafla, akalegea, akakataa hata kunyonya au kunywa maji, asisifiwe kuwa leo ana adabu. Huo ni ugonjwa. Na mwenye degedege au anayetapika kila kitu si wa kubembelezwa kibandani, apelekwe hospitali mara moja.

Mwisho tunasema na wakuu wa Serikali. Mkono mmoja haulei mwana. Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Zanzibar ina yake ya mwaka 2011, na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Hayo ni mema. Lakini programu iliyolala katika jalada haimfikii mama aliyeinama shambani, matope yakimfika magotini na mtoto akimlilia mgongoni. Vijiji vipange kabla ya msimu nani atakayeangalia watoto wakati wa kupandikiza na kuvuna. Mganga anapotoa dawa, asimkabidhi mama pakiti tu. Amwonyeshe namna ya kuiyeyusha, na amhimize aimalize. Nao kina baba wajue kwamba dozi ya alfajiri si kazi ya mwanamke peke yake.

Mtoto anayesema "Sitaki" leo ndiye tutakayemtaka kesho asimame mbele ya dhuluma aseme neno hilo hilo. Tusimvunje kabla hajafika. Tumwelekeze, kwa subira, na awe hai.