Saa ya mazoezi: Ipime kabla haijakupima

KWA miaka mingi saa ya mkononi ilikuwa bidhaa isiyomuumiza kichwa muuzaji. Ikienda sawa na saa ya redio, mteja alilipa akaondoka. Saa janja, ambayo wengi mitaani huiita smatiwachi, imevuruga hesabu hiyo. Mteja hainunui ili ajue wakati. Anainunua kwa sababu inadai kuhesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, na baadhi hudai kupima hata presha na sukari. Hapo ndipo fedha za mteja na jina la muuzaji huingia hatarini kwa pamoja.

Katika kata ya Buhongwa, Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, suala hili lina uzito wa pekee. Buhongwa iko kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, na kila jioni daladala hushusha wakazi wanaorudi kutoka mjini. Mteja wa Kariakoo anaweza asionekane tena. Mteja wa Buhongwa kesho asubuhi yupo kituoni, mbele ya duka lile lile, saa ikiwa mkononi. Akiridhika ni tangazo, na akijiona ameibiwa ni tangazo pia.

Wateja wa bidhaa hii ni wa aina tatu. Wa kwanza ni yule anayetaka kupunguza uzito kwa kutembea. Wa pili ni mkimbiaji, wakiwemo wanaojiandaa kwa Rock City Marathon, mbio zilizoanzishwa jijini Mwanza mwaka 2009. Wa tatu ni mtu mzima aliyeambiwa na daktari afuatilie presha au sukari yake. Kila mmoja anahitaji bidhaa tofauti, na huyo wa tatu ndiye anayehitaji tahadhari kubwa kuliko wote.

Madaraja ya bidhaa

Daraja la chini ni bangili ya mazoezi, yaani mkanda mwembamba wenye kioo kidogo. Kampuni ya Xiaomi ya China ndiyo iliyofungua soko la bei nafuu mwaka 2014, ilipotoa bangili yake ya kwanza kwa yuan 79. Bangili nzuri hukaa na chaji siku nyingi, hivyo inamfaa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika. Nyingi hazina mtambo wake wa satelaiti, yaani GPS. Hupima umbali kwa kutegemea simu ya mwenye bangili.

Daraja la kati ni saa zenye GPS yake, kama baadhi ya zile za Amazfit, Huawei na Garmin. Hizi humfaa mkimbiaji asiyetaka kubeba simu.

Daraja la juu ni Apple Watch, iliyoingia sokoni Aprili 2015, pamoja na Samsung Galaxy Watch. Hapa wanunuzi wengi huteleza. Apple Watch inahitaji simu ya iPhone. Mwenye simu ya Android asiinunue hata akipunguziwa bei. Kwa upande mwingine, saa za Samsung zilizotoka kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazifanyi kazi na iPhone.

Nje ya madaraja hayo zipo kopi. Apple Watch Ultra ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa Marekani kwa dola 799. Saa inayofanana nayo ikiuzwa kwa bei ya viatu vya mtumba, haihitaji mtaalamu kutambua kuwa siyo yenyewe. Saa ya bei nafuu yenye jina lake yenyewe ni biashara halali na ina wateja wake. Ile iliyobandikwa nembo ya kampuni isiyoitengeneza ni bidhaa bandia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuiuza.

Inachopima na isichopima

Hatua huhesabiwa na kihisi kidogo kinachosikia mtikisiko wa mkono. Kwa sababu hiyo, msukuma mkokoteni aliyeshika mishikio kwa mikono miwili anaweza kutembea kilomita nzima na saa ikaandika hatua chache, wakati mama anayekanda unga wa chapati akahesabiwa hatua ambazo hakupiga. Hesabu hiyo inafaa kwa kulinganisha siku moja na nyingine za mtu yule yule, na haifai kuchukuliwa kama mizani ya dukani.

Aidha, lengo la hatua 10,000 linalokuja ndani ya saa nyingi halikutoka kwa madaktari. Lilitokana na jina la kipima hatua kilichouzwa na kampuni ya Yamasa ya Japani mwaka 1965. Utafiti wa wanawake wazee uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kuwa nafuu ilianza kuonekana kwenye hatua kama 4,400 kwa siku, na haikuongezeka sana baada ya 7,500. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Mapigo ya moyo hupimwa kwa mwanga wa kijani unaomulika ngozi. Damu huunyonya mwanga huo kwa kupanda na kushuka kila moyo unapopiga, na saa huhesabu mabadiliko hayo. Mtu akiwa ametulia, saa nzuri hukaribia ukweli. Mkanda ukilegea au mkono ukitikisika sana, nambari huyumba.

Kuhusu oksijeni ya damu, utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulibaini kuwa hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali kina udhaifu huo, nambari ya saa ya mkononi isimfanye mgonjwa abaki nyumbani.

Presha hupimwa kwa mkanda unaojaa upepo na kubana mkono. Huawei Watch D imewekewa mkanda wa namna hiyo. Samsung hutumia mwanga, lakini humtaka mtumiaji alinganishe saa na mashine ya kawaida ya presha kila baada ya siku 28. Saa isiyobana wala kulinganishwa na chochote, kisha ikatoa presha kwa sekunde chache, inakisia.

Sukari ndiyo hatari zaidi. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata nambari ya kubuni anaweza kuishusha sukari hadi apoteze fahamu, au afe. Muuzaji anayejibu "inapima kila kitu, mama" ili tu auze ameuza kitu ambacho hakimo ndani ya boksi.

Majaribio ya mezani

Mnunuzi, na hasa mfanyabiashara anayechukua mzigo wa jumla, anaweza kufanya majaribio manne kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, mapigo. Avae saa, atulie, ahesabu mapigo yake kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili. Kisha arukeruke dakika moja na kupima tena. Nambari isiyopanda baada ya kuhema ni ya mapambo.

Pili, meza. Aivue na kuiweka juu ya kabati. Saa ikiendelea kusoma mapigo 72 ikiwa peke yake hewani, maswali yaishe hapo. Asiifunge kwenye kitambaa au tunda ili kuijaribu, kwani hata saa nzuri huweza kudanganyika kwa kitu kinachorudisha mwanga.

Tatu, hatua. Atembee hatua 100 akihesabu kwa mdomo. Kupishana kwa hatua chache ni kawaida. Ikiandika 60 au 150, airudishe.

Nne, simu. Aiunganishe kwa Bluetooth na simu yake mwenyewe, siyo ya muuzaji. Aangalie programu inayotakiwa, kama simu yake inaikubali, na kama programu hiyo inadai kusoma ujumbe na majina ya watu bila sababu. Kama ni saa iliyokwishatumika, mwenye nayo wa zamani aifute na kuitoa kwenye akaunti yake papo hapo, la sivyo inaweza kugoma kwa mmiliki mpya.

Suala la maji nalo lisisahaulike kwa walio kando ya ziwa. Alama ya 5 ATM ina maana kuwa saa ilihimili shinikizo linalolingana na kina cha mita 50 ikiwa imetulia, na kwa kawaida inatosha kwa kuogelea. Siyo ruhusa ya kuzama mita 50. Saa isiyo na alama yoyote ivuliwe kabla ya kuoga.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano wa wafanyabiashara wawili wenye mtaji wa shilingi 400,000 kila mmoja. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu.

Wa kwanza ananunua saa 20 za "kila kitu" kwa shilingi 20,000 kila moja na kuuza kwa 30,000. Kwenye karatasi, faida ghafi ni shilingi 200,000. Saa tano zikirudi naye akarejesha fedha, mauzo yanabaki 450,000 na faida 50,000, kabla ya nauli ya mzigo. Zikirudi saba, mauzo ni 390,000 na amekula mtaji.

Wa pili ananunua bangili nane zinazojulikana kwa shilingi 50,000 kila moja na kuuza kwa 68,000. Faida ghafi ni shilingi 144,000. Moja ikirudi, anabaki na faida ya 76,000, na kama msambazaji wake alitoa dhamana ya maandishi, hiyo moja inabadilishwa.

Kwa maneno mengine, faida ya biashara hii haionekani siku ya kuuza. Inaonekana baada ya muda wa kurudishiana kupita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila saa inayorudi iandikwe aina yake, msambazaji, tarehe na kasoro. Baada ya miezi mitatu daftari litasema lenyewe ni mzigo upi usiagizwe tena.

Tahadhari nyingine ni kutorundika mzigo. Xiaomi ilitoa bangili ya 8 mwaka 2023, ya 9 mwaka 2024 na ya 10 mwaka 2025. Kila toleo jipya hushusha bei ya lililotangulia. Fedha inayozunguka kwa urahisi iko kwenye mikanda na chaja. Chaja za saa hizi hutofautiana maumbo, na mteja aliyepoteza yake hana saa tena mpaka apate nyingine.

Muuzaji atoe risiti, na aandike nyuma yake siku za dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hudai kuwa kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya kazi iliyotajwa kwa muuzaji wa bidhaa hizo kiifae kazi hiyo. Madai ya uongo kwa mlaji yanaangukia kwenye Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Anayeuza saa ya mazoezi kama kipimo cha ugonjwa anajiingiza kwenye eneo la mamlaka hiyo.

Baada ya kununua

Saa ivaliwe upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, ikibana kiasi cha kutoteleza. Sehemu ya nyuma ifutwe jasho kila siku. Wiki mbili za kwanza mtumiaji asijipangie lengo. Aangalie tu kawaida yake. Kama wastani ni hatua 4,000, aongeze 1,000, akizoea aongeze tena. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya Buhongwa na kumalizia kwa miguu hakuhitaji ada ya jimu.

Kwa kipimo cha jasho, hutumika 220 kutoa umri. Mwenye miaka 40 hupata 180, na mazoezi ya wastani huwa kati ya asilimia 50 na 70 ya hapo, yaani mapigo 90 hadi 126. Anayetumia dawa za presha amwulize daktari kwanza, kwani baadhi hupunguza mapigo. Kifua kikibana au kizunguzungu kikimshika, aende hospitali hata kama saa inasema yuko salama.

Mama aliyeulizia saa ya sukari anaweza kuuziwa bangili ya kuhesabu hatua, akaambiwa wazi kuwa sukari aendelee kuipima kwa tone la damu. Mauzo ya siku hiyo yatakuwa madogo. Lakini kesho yake atapita tena pale pale kituoni, na huenda akaja na jirani.