Kiyoyozi cha Mtambo Mzito na Dhana ya Gesi Iliyoisha

Kiyoyozi cha ekskaveta, buldoza au greda hakiwekwi kwa ajili ya starehe peke yake, kwa kuwa kebini ya mtambo wa kisasa imeundwa ili milango na vioo vyake vibaki vimefungwa muda wote wa kazi, huku hewa iliyochujwa ikisukumwa ndani na kuzuia vumbi lisipenye kwenye nyufa. Kiyoyozi kikishindwa, opereta aliyeko kwenye machimbo ya kokoto au mgodi wa wazi hana budi kufungua dirisha, na vumbi la mwamba humfikia moja kwa moja; pale ambapo mwamba una silika kwa wingi, chembe zake ndogo hujikusanya mapafuni na baada ya miaka huweza kuleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu ambao hauna dawa ya kuuponya. Kwa sababu hiyo ubovu wa kiyoyozi unastahili kuandikwa kwenye kitabu cha hitilafu siku hiyo hiyo, kama unavyoandikwa ubovu wa breki.

Hukumu inayosikika sana gereji ni kwamba gesi imeisha, na tiba yake ni kuongeza gesi. Hukumu hiyo ina kasoro tangu mzizi wake, maana gesi ya kiyoyozi haiungui wala hailiki kama dizeli, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibadilika kutoka mvuke kuwa kimiminika na kurudi kuwa mvuke. Kompresa, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi mpaka ikapata joto kali; kondensa, ambayo ni mabomba membamba yenye mapezi ya alumini mfano wa rejeta, hulitoa joto hilo nje na kuigeuza gesi kuwa kimiminika; draya hunyonya unyevu; kisha vali ya upanuzi hukipitisha kimiminika kwenye tundu dogo mpaka ndani ya evaporeta iliyo kebini, ambako presha hushuka ghafla na kimiminika huchemka. Gesi ya R134a, inayotumika kwenye mitambo mingi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya hewa ya kawaida, na uchemkaji huo ndio unaovuta joto kutoka kwenye hewa ya kebini. Gesi ikipungua, basi, kuna mahali inapovujia, na kuongeza bila kutafuta mahali hapo ni kuahirisha tatizo kwa gharama ya mwenye mtambo.

Uchunguzi ulio sahihi huanzia kwenye kondensa, kwa kuwa vumbi ndilo adui mkubwa wa kiyoyozi cha mtambo kuliko cha gari dogo. Katika mitambo mingi kondensa imesimama mbele ya rejeta au kando ya kipozea mafuta ya haidroliki, na feni moja hupitisha upepo kwenye vyote. Ikiwa kuna tone la mafuta linalovuja karibu, vumbi jekundu hushikamana na mafuta hayo na kuwa tope kavu linaloziba mapezi. Fundi anayetazama upande wa mbele tu hudanganyika kwa urahisi, kwani uso wa kondensa unaweza kuonekana safi ilhali nafasi iliyopo kati yake na rejeta imejaa vumbi, majani na nyuzi za magunia. Kipimo rahisi cha jambo hili ni kuunganisha geji, kuwasha kiyoyozi, na kumwagia kondensa maji polepole, mikono ikiwa mbali na feni: presha ya upande wa juu ikishuka mara moja na hewa ya kebini ikaanza kupoa, tatizo ni joto lisilotoka, na hakuna gramu moja ya gesi inayohitajika. Usafishaji hufanywa injini ikiwa imezimwa, kwa hewa inayopulizwa kinyume na mwelekeo wa upepo wa feni, kwa sababu maji ya presha kubwa yakielekezwa kwa mshazari huyalaza mapezi na kuifunga njia ya hewa moja kwa moja.

Filta mbili za kebini, ya hewa ya nje na ya hewa inayozunguka ndani, hukaguliwa kwa dakika chache. Hitilafu inayosahaulika zaidi ni vali ya maji ya hita, kwani kebini nyingi zina hita inayopitisha maji ya moto ya injini jirani kabisa na evaporeta, na vali yake ikikwama wazi hewa iliyopozwa hupashwa moto upya kabla ya kumfikia opereta. Hosi zote mbili za hita zikiwa za moto wakati swichi imewekwa upande wa baridi, maji yanapita, na kiyoyozi kinalaumiwa bure.

Endapo kompresa haishiki kabisa, njia ni ya umeme. Pulei ya kompresa huzunguka muda wote injini inapofanya kazi, lakini mhimili wake huzunguka pale tu klachi ya sumaku inapopata umeme, ambao hupitia fyuzi, swichi, rilei, kidhibiti baridi na swichi ya presha. Fundi hupima volti kwenye plagi ya klachi: umeme ukiwepo na klachi isivute, koili imekatika, waya wa ardhi umelegea, au nafasi kati ya sahani ya klachi na pulei imekuwa kubwa mno kwa uchakavu. Mitambo mizito mingi hutumia volti 24, na koili ya volti 12, inayofanana nayo kwa umbo, ikifungwa hapo huungua. Kuunganisha waya ili kuiruka swichi ya presha, na mtambo ukarudishwa kazini hivyo, ni kosa lisilovumilika, kwani mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi ikiwa kidogo kompresa husagika na kumwaga unga wa chuma kwenye mabomba yote.

Usomaji kamili wa geji huja baada ya hayo, nao una mtego wake. Mtambo uliolala usiku kucha penye joto la nyuzi 30 huonyesha takriban paundi 97 kwa inchi ya mraba pande zote mbili, na wengi huusoma usomaji huo kama kipimo cha wingi wa gesi. Sivyo, maadamu kimebaki kimiminika hata kidogo ndani ya mfumo, presha hufuata joto na wala si wingi, kwa hiyo mfumo wenye nusu ya gesi na uliojaa huonyesha namba ile ile. Wingi hujulikana kwa mizani pekee, yaani gesi yote hunyonywa, kisha hujazwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtambo. Kompresa inapofanya kazi, presha ndogo pande zote mbili huelekeza kwenye uvujaji, kubwa pande zote huelekeza kwenye kondensa chafu au gesi iliyozidi, na upande wa chini ukiwa juu huku wa juu ukiwa chini, kompresa yenyewe imechoka.

Mahali pa uvujaji mara nyingi huonekana kwa macho. Gesi inapotoroka hutoka na mafuta, na vumbi hunata hapo, hivyo kiungo cha hosi chenye duara jeusi la unyevu, huku hosi nzima ikiwa imekauka na kupauka, kinastahili kupakwa povu la sabuni kabla ya kingine chochote. Mfumo uliobaki mtupu hujazwa naitrojeni kupitia kirekebisha presha, kamwe isiwe oksijeni, kwa kuwa oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta huweza kulipuka. Baada ya matengenezo draya hubadilishwa na pampu ya vakyumu hunyonya hewa na unyevu wote.

Gesi inayotolewa haipaswi kuachiwa hewani. R134a haiharibu tabaka la ozoni, lakini kwa kipindi cha miaka 100 uwezo wake wa kuongeza joto la dunia hukadiriwa kuwa mara 1,430 ya ule wa kabonidayoksaidi, na ni gesi za kundi hilo ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza mjini Kigali, Rwanda, Oktoba 2016.

Kazi ikikamilika, milango hufungwa, kiyoyozi huwashwa kwa baridi ya mwisho, na kipimajoto huwekwa kwenye tundu la hewa. Baada ya dakika kumi hivi, palipo na hewa yenye unyevu, maji yaliyojikusanya kwenye evaporeta kutoka katika unyevu wa hewa ya kebini huanza kudondoka kupitia mpira mdogo ulio chini ya sakafu. Yakionekana miguuni mwa opereta badala ya ardhini, mpira huo umezibwa na tope na unahitaji kuzibuliwa.