Tuyajue Maungo Yetu (2): Dawa ya Goti Iko Pajani

Wiki iliyopita nilieleza jinsi goti lilivyoundwa: fupa la paja juu, muundi chini, pia ya goti mbele, na gegedu laini linalofunika ncha za mifupa ili isikwaruzane. Leo tuingie kwenye swali mnaloniuliza sana. Goti likishaanza kuuma, mtu afanye nini?

Kwanza tuiondoe kauli moja iliyoenea kila mtaa, kwamba goti linalouma limekauka mafuta. Shangazi yangu aliambiwa hivyo akiwa na miaka 61. Akashauriwa kunywa maji ya bamia kila asubuhi na kupumzika. Akaacha kwenda sokoni kwa miguu, akaacha kumtembelea mwanawe anayekaa ghorofani. Miezi minne baadaye goti liliuma kuliko mwanzo, na paja la mguu ule lilikuwa limesinyaa. Tulilipima kwa futi ya fundi cherehani, tukakuta limepungukiwa na sentimita tatu likilinganishwa na mwenzake.

Ute wa goti hautokani na bamia. Hutengenezwa na utando uliolizunguka goti kwa ndani, na goti linalougua mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kiasi. Ndiyo maana huvimba. Kinacholika ni gegedu, na gegedu halina hata mshipa mmoja wa damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute ule ule, kama dodoki ndani ya maji: ukilibana linatoa, ukiliachia linavuta. Kila hatua unayopiga hulibana na kuliachia. Anayelihurumia goti lake kwa kulilaza kutwa nzima analinyima chakula bila kujua.

Sasa paja. Hapo ulipokaa ukisoma, nyoosha mguu mmoja mbele, kisha weka kiganja juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani. Utahisi nyama ikikaza na kuwa ngumu. Huo ni mmoja wa misuli minne ya mbele ya paja. Kazi yake si kunyoosha mguu tu. Unaposhuka ngazi au kujishusha kwenye kiti, misuli hiyo ndiyo breki, inaupokea uzito usiliangukie goti kwa kishindo. Tatizo ni kwamba goti likivimba, neva hupunguza amri zinazokwenda kwenye misuli hiyo. Inalegea, mzigo unahamia kwenye gegedu na mifupa, maumivu yanaongezeka, mtu anazidi kukaa, na paja linazidi kwisha. Hicho ndicho kilichompata shangazi.

Fiziotherapia, au tiba ya viungo kama wengine wanavyoiita, inaukata mzunguko huo mahali pa paja. Nchini Denmark upo mpango ulioanzishwa mwaka 2013 ambamo mgonjwa wa goti hupewa kwanza masomo ya kulielewa tatizo lake, kisha mazoezi chini ya msimamizi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 156 waliotibiwa katika hospitali za jeshi la Marekani. Nusu walichomwa sindano ya steroidi gotini, nusu wakapewa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa fiziotherapia walikuwa na maumivu kidogo zaidi na walijimudu vizuri zaidi. Sindano ina mahali pake, sikatai. Ninachokikataa kwa moyo wote ni kuifanya mlango wa kwanza, wakati paja la mgonjwa hata halijaguswa.

Shangazi naye, alipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, alianzishiwa mambo mepesi. Kanga iliyokunjwa iliwekwa chini ya goti akiwa amekaa mkekani, akaambiwa aibonyeze kwa goti, ahesabu hadi tano, aachie, mara kumi. Kisha kulala chali na kuinua mguu ulionyooka. Kisha kusimama na kukaa kwenye kiti kilichoongezwa mto, na kila wiki mto ulipunguzwa unene, hadi akaweza kusimama bila kushika popote.

"Mwanangu, mbona linauma?" alimuuliza mtaalamu siku ya pili.

"Maumivu madogo yasikutishe, mama. Kesho asubuhi likiwa limetulia, tuko sawa. Likiuma kuliko leo, tutapunguza."

Kipimo hicho nawaomba mkishike, maana wengi huacha mazoezi siku ya kwanza wakidhani kila maumivu ni goti linalovunjika. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi si vibaya, kunaliwaza, lakini mkono wa mchuaji haujengi msuli.

Uzito nao una hesabu yake. Watafiti walionyesha mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye magoti yaliyolika, kwamba kila kilo moja mtu anayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mwenye kupungua kilo tano amelitua goti kilo ishirini, hatua baada ya hatua, kutwa nzima. Kukalia mbuzi ya kukunia nazi au kuchuchumaa si mwiko. Goti likiwa linauma, inua kikao kwa muda. Anayetumia bakora aishike mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa goti bovu kama tunavyoona wengi wakifanya.

Lakini goti lililovimba likawa la moto, pamoja na homa, halingoji mazoezi: ni la hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo goti lililojifunga likakataa kunyooka, au mguu usioweza kukanyaga chini baada ya ajali ya bodaboda. Magoti ya vijana wanaocheza mpira nitayachukua wiki ijayo. Yana mambo yake.

Wiki ya kumi shangazi alipanda hadi ghorofa ya pili kwa mwanawe, akishika ukuta, mguu mzima ukitangulia kila ngazi. Jioni, wakati wa kushuka, alitanguliza ule mbovu, kama alivyofundishwa.