Kikao cha ukoo kimekwisha, mirathi ndiyo kwanza inaanza

Matanga yakishaondolewa katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hubaki kikao kimoja. Wazee wa ukoo hukaa, baba wadogo na mashangazi hupewa nafasi ya kusema, madeni ya marehemu hutajwa, na mwishowe hutolewa jina la mtu atakayekwenda mahakamani. Muhtasari huandikwa, waliohudhuria hutia saini au dole gumba, kisha kila mtu hurudi kwake akiamini kazi imekwisha.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi. Mahakama ndiyo humteua. Na huyo aliyeteuliwa, hata akiwa mtoto wa kwanza, hajapewa mali. Amepewa kazi: kukusanya mali ya marehemu, kudai alichokuwa anadai, kulipa alichokuwa anadaiwa, kuwagawia warithi kilichobaki, kisha kurudi mahakamani kutoa hesabu. Msimamizi anaweza kuwa mmoja wa warithi, na mara nyingi huwa hivyo, lakini barua ya usimamizi haimwongezei hata mgomba mmoja juu ya fungu lake.

Safari yenyewe huanza na cheti cha kifo. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30, na usajili wilayani hufanyika katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa niaba ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Familia iliyomzika mzee wake nyumbani bila kuripoti kwa mtendaji wa kijiji hujikuta miaka mitano baadaye ikitafuta mashahidi wa kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kililiona.

Mlango ambao wengi hupitia ni Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza mirathi ya waliofuata mila au Uislamu. Mwombaji hupeleka cheti cha kifo, majina ya warithi wote na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipotokea, au pingamizi likishaamuliwa, msimamizi huteuliwa. Kuanzia siku hiyo kanuni za mwaka 1971 zinampa miezi minne kurudisha Fomu Namba V, yaani orodha ya mali na madeni, na Fomu Namba VI, yaani hesabu ya alivyokusanya na kugawa. Akihitaji muda zaidi anaomba. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka huko Mahakama Kuu Bukoba, safari ndefu na ya gharama kwa mtu wa Rulenge au Nyakanazi.

Fomu hizo mbili ndizo husahaulika. Msimamizi huchukua fedha za benki, huuza ng'ombe wawili, hupangisha chumba cha mbele, na jalada hubaki wazi miaka kumi. Warithi nao hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wachoyo. Wajue kwamba wana haki ya kurudi mahakama ile ile na kuomba msimamizi aitwe atoe hesabu. Akithibitika kutumia vibaya mali, uteuzi wake unaweza kutenguliwa.

Swali gumu zaidi ni sheria ipi itumike, maana Tanzania ina zaidi ya moja. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi. Kwa Mwislamu, mafungu yanajulikana: mjane hupata robo kama marehemu hakuacha mtoto, na thumuni kama ameacha. Kwa Mkristo aliyeishi nje ya mila hutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, inayompa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili bila kubagua wa kike na wa kiume. Kwa aliyefuata mila za ukoo wa baba, zipo kanuni zilizochapishwa na Serikali mwaka 1963 katika Tangazo Namba 436. Kanuni hizo humweka mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, na mabinti la tatu. Mjane hana fungu. Anatakiwa kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza.

Kagera ndiyo iliyoupeleka mfumo huo mahakamani. Mwaka 1988, katika Wilaya ya Muleba inayopakana na Biharamulo, Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikaupindua uamuzi huo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akapigilia msumari: Katiba, ambayo tangu 1984 ina sura ya haki za binadamu, haimruhusu mwanaume kuuza huku ikimkataza mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza nguvu kwa kusema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki ardhi ni batili.

Hata hivyo Tangazo la 1963 halijang'oka kwa hukumu na sheria hizo. Wajane wawili wa Shinyanga waliolipinga hawakufanikiwa katika mahakama za nyumbani, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania ibadili sheria hiyo. Kwa mjane wa kijijini maana yake ni moja: asisubiri kulindwa na kesi iliyoamuliwa Mwanza. Alindwe na karatasi iliyoandikwa mumewe akiwa hai.

Karatasi ya kwanza ni hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya mume na mke. Jina la mke likiwamo, fungu lake si mali ya marehemu na hakuna kikao kinachoweza kuligawa. Ngara na Biharamulo zina sababu ya kufanya hivyo mapema. Ardhi iliyokuwa ya migomba na maharage sasa inapitiwa na miradi mikubwa, ukiwamo mradi wa nikeli wa Kabanga na ule wa umeme wa maporomoko ya Rusumo. Mthamini akifika shambani, swali lake la kwanza ni nani mwenye eneo. Familia inayojibu kwa jina la babu aliyekwisha kufa imeikaribisha kesi ya mirathi mlangoni.

Ngara ina jambo jingine, mpaka. Wapo waliooa Burundi na Rwanda, na wapo watoto waliokulia ng'ambo. Hao nao ni watoto wa marehemu, na majina yao yanapaswa kutajwa mahakamani. Lakini ardhi ina sharti lake: asiye raia kwa kawaida hamilikishwi isipokuwa kwa uwekezaji. Mzee mwenye mtoto wa namna hiyo afikirie mapema fungu la mifugo au fedha.

Karatasi ya pili ni wosia. Kwa mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, unahitaji angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe, na mke aliyeko nyumbani ashuhudie pia. Mwislamu aweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake. Mtu anayetaka kumnyima mrithi aeleze sababu, kwani mila yenyewe inazitaja: kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua, au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa. RITA huandika wosia na kuutunza, na wanasheria wa msaada wa kisheria wanaweza kusaidia bila malipo.

Wapo wanaoamini kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Watu hao hao huwawekea wanafunzi ada ya muhula ujao na huvuna kahawa ya kuuza kwa chama cha ushirika, AMCOS, kwa bei wasiyoijua bado. Kupanga mali ni sehemu ya kazi hiyo hiyo ya kulea. Orodha fupi inatosha kwa kuanzia: mashamba na majirani wa mipaka yake, mifugo, akaunti, laini ya simu yenye fedha, kadi ya pikipiki, nani anadaiwa na nani anadai. Mwenye mali aitaje mbele ya mke na watoto wote wakiwa wamekusanyika, aitie saini, na aseme wazi nani anamwamini kuisimamia. Kikao cha ukoo kikikaa siku hiyo, mwenye mali akiwapo na akiweza kuulizwa, kile cha baada ya msiba kitakuwa na kazi ndogo sana ya kufanya.