Rafiki na Buriani: Wimbo wa Filamu ya Kihindi katika Masikio ya Waswahili

Utangulizi

Uhusiano wa pwani ya Afrika Mashariki na Bara Hindi huelezwa zaidi kwa habari za biashara: nguo, viungo na majahazi. Mhadhara huu unaangalia bidhaa nyepesi kuliko hizo, yaani wimbo wa filamu, na hasa wimbo wa urafiki. Hoja yake ni kwamba wimbo wa urafiki haukamiliki mpaka uweze pia kubeba maagano, na kwamba Kiswahili, kwa msamiati na kwa ushairi wake, kilikuwa na mahali pa kuupokea.

Urafiki katika filamu mbili

Filamu ya Dosti (1964), iliyoongozwa na Satyen Bose, inawahusu vijana wawili maskini, mmoja mlemavu wa mguu na mwingine asiyeona. Wa kwanza hupuliza kinanda cha mdomo, wa pili huimba, na kwa njia hiyo hupata riziki barabarani. Wanapotenganishwa, asiyeona anaimba peke yake. Katika wimbo huo, uliotiwa sauti na Mohammed Rafi, anaazimia kuendelea kumpenda mwenziwe bila kumwita arudi. Muziki wake ni wa Laxmikant na Pyarelal, na maneno ni ya Majrooh Sultanpuri.

Sholay (1975), ya Ramesh Sippy, inakwenda mbali zaidi. Jai na Veeru wanaimba juu ya pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakiapa kutoachana. Wimbo huo, Yeh Dosti, ulitungwa na R. D. Burman kwa maneno ya Anand Bakshi, na waimbaji ni Kishore Kumar na Manna Dey. Baadaye Jai anauawa, na lahani ileile inarudi kwa sauti moja tu. Hakuna lililoongezwa, kilichopungua ni sauti ya pili, na upungufu huo ndio msiba wenyewe. Ndipo Veeru anapogundua kwamba sarafu ambayo Jai alikuwa akiirusha ili kuamua mambo yao ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Jai hakuwa ameachia bahati iamue nani abaki kukabili adui. Alikuwa amekwisha kuamua mwenyewe. Kiapo cha furaha kinathibitishwa na kifo.

Msamiati wa kuagana

Kiswahili kinaulinganisha vipi urafiki na kutengana? Neno rafiki limetokana na Kiarabu, ambamo lina maana ya mwenza, hususan mwenza wa safari. Kwa hiyo safari imo ndani ya neno lenyewe, na kila safari ina mwisho. Kwa upande wa maagano, lugha inapambanua. Kwaheri humtakia heri anayeondoka au anayebaki, na haifungi mlango wa kuonana tena. Buriani ni nzito zaidi: hutumiwa hasa na wasiotarajia kuonana tena, na ndani yake mna kutakana radhi. Mswahili anayetoa buriani hasemi tu kwamba anaondoka. Anataka asiache deni moyoni mwa mwenziwe. Veeru, aliyeachwa na sarafu mkononi, hakupata nafasi hiyo.

Lahani ya kuazima, maneno ya nyumbani

Filamu za Kihindi zilipendwa mno katika majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Walishika lahani kwanza, na maana wakaipata kwa nyuso na matukio. Washairi na waimbaji wa taarabu wakazitia lahani hizo maneno ya Kiswahili. Aliyevuma sana kwa sanaa hiyo ni Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971).

Kazi hiyo si ya kunakili. Lahani ya kigeni huja na urefu wake, ilhali mshairi ana mizani na vina vya kutunza. Zaidi ya hayo, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi mahiri hutafuta maneno ambayo mkazo wao unakubaliana na sauti ndefu za lahani, wimbo usije ukamtia ulimi kigugumizi. Tena, msikilizaji wa taarabu huufanya wimbo kuwa ujumbe wake: anapoinuka kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, huwa amemsemesha mtu, awe rafiki, mpenzi au hasimu.

Hitimisho

Ikiwa nyimbo hizi zitahesabiwa kuwa mwigo tu, zitaachwa nje ya taaluma ya fasihi ya Kiswahili, na kanda zilizozihifadhi zitachakaa kabla maneno yake hayajaandikwa. Hasara hiyo itakuwa ya ushairi, si ya muziki pekee. Lahani ilitoka ng'ambo, lakini heri na radhi wanazotakiana marafiki ndani yake ni za Waswahili wenyewe, na zinastahili kuandikwa wangali hai wanaozikumbuka.