Dakika Moja, Dakika Kumi, Saa Moja: Mvuvi Juu ya Barafu

Kabla jua halijachomoza, wavuvi huteremka kwenye kingo za Bwawa la Rybinsk, kaskazini mwa Moscow nchini Urusi, kila mmoja akiburuta sanduku lake juu ya theluji. Bwawa hilo, lililoanza kujazwa mwaka 1941 kwa kuuzuia mto Volga, lilifunika mji mzima wa Mologa na kuenea katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,500. Wakati wa baridi maji hayo yote hufunikwa na barafu. Mvuvi hutoboa tundu kwa keekee ndefu, huketi juu ya sanduku lake, kisha huteremsha mshipi mwembamba wenye chambo cha mabuu mekundu ya usubi. Anayemngojea ni samaki mwenye mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu, ambaye Warusi humwita okun. Waingereza humpa jina moja na sangara wa Ziwa Viktoria, lakini hao ni samaki wa jamaa mbili tofauti.

Samaki huyo huishi salama chini ya barafu kwa sababu maji huwa mazito zaidi yanapofikia nyuzi joto 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi huwa mepesi na hubaki juu, na hapo ndipo yanapoganda. Kwa hiyo bwawa huganda kuanzia juu, na viumbe huendelea kuishi chini. Binadamu anayetumbukia humo hana ulinzi huo.

Kwa kawaida, barafu ngumu na angavu yenye unene wa sentimita 10 huweza kumbeba mtu mmoja anayetembea. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji na mapovu ya hewa, ina nguvu takriban nusu ya hiyo. Bwawa la umeme lina hatari yake ya ziada: mitambo inapoyatumia maji, kina hushuka, na barafu iliyo karibu na ukingo hubaki ikining'inia bila maji ya kuiegemeza. Hupasuka hata mahali ambapo jana palipitika.

Barafu ikivunjika, mwili hupita hatua ambazo Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amezifupisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Katika dakika 1 ya kwanza, baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu na kuhema bila kujizuia. Wengine huzama hapo hapo kwa kuvuta maji, au moyo hushindwa. Atakayetulia na kuiongoza pumzi yake ana dakika zipatazo 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii. Hizo ndizo za kujiokoa. Ageukie upande aliotokea, kwa maana barafu ya huko ilimbeba. Aweke mikono juu yake, apige miguu mpaka mwili ulale sambamba na maji, ajivute, kisha abiringike badala ya kusimama. Wavuvi wenye busara huvaa shingoni misumari miwili yenye mipini ya mbao ili kuing'ang'ania barafu.

Akishindwa kutoka, bado hajafa. Huchukua takriban saa 1 kabla hajapoteza fahamu kwa kushuka kwa joto la mwili, yaani joto la ndani kuwa chini ya nyuzi 35. Kwa hiyo humfaa kuacha kuhangaika na kulaza mikono juu ya barafu, asizame hata fahamu zikimtoka.

Mhudumu anayempokea mtu huyo anapaswa kuwa mpole kuliko mwepesi. Mgonjwa alazwe, asisimamishwe wala kutembezwa, kwa sababu moyo uliopoa sana huweza kuvurugika kwa mtikisiko mdogo. Nguo zilizolowa zikatwe, mwili ukaushwe na kufunikwa, na joto lielekezwe kifuani na kwapani. Mikono na miguu isisuguliwe. Kinywaji cha moto chenye sukari hupewa mwenye fahamu timamu tu. Pombe ni adui: hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akahisi joto huku akilipoteza.

Wala mhudumu asiharakishe kukata tamaa. Mwaka 1999, karibu na Narvik nchini Norwe, daktari Anna Bågenholm alitumbukia katika kijito kilichoganda alipokuwa akiteleza kwenye theluji, akanaswa chini ya barafu kwa dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7. Madaktari wa Tromsø walimpasha joto kwa mashine ya moyo na mapafu, akapona na kurudi kazini. Ndiyo maana mapigo ya mgonjwa wa baridi hutafutwa kwa dakika nzima, na uhai wake haukanushwi mpaka mwili upashwe joto, isipokuwa majeraha yawe yameshatoa hukumu.

Kuna kifo kingine juu ya barafu, nacho hakina kelele. Mvuvi hujifungia ndani ya hema akiwa na jiko la gesi. Jiko hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huikalia damu mahali pa oksijeni. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito. Ni hewa ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani huko Njombe, Limuru au Bukavu, milango ikiwa imefungwa. Dawa yake ya kwanza ni kumtoa mtu nje kwenye hewa safi, na kinga yake ni kutolala na moto uliofungiwa.

Hata funzo la maji halibaki Urusi. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo mvuvi wa Ziwa Viktoria ambaye mtumbwi wake umepinduka usiku naye hupoa, ingawa polepole. Mtoto mchanga aliyeachwa na majimaji ya uzazi naye hupoa majimaji hayo yanapokauka mwilini, na hatari kwake huanza joto likishuka chini ya nyuzi 36.5. Akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mamaye ngozi kwa ngozi, afunikwe pamoja na kichwa.

Jioni, wavuvi wa Rybinsk hurudi ukingoni wakifuata nyayo zao za asubuhi, kila mmoja akiwa mbali kidogo na mwenzake ili uzito wao usikutane mahali pamoja, lakini karibu vya kutosha kurushiana kamba.