Kukaza kwa Kiasi: Spana ya Kipimo na Spoki za Bodaboda

Utangulizi
Mnamo mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Tangu hapo, bodaboda imekuwa mguu wa wakazi wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki. Hubeba abiria, maziwa, majani chai na magunia ya viazi katika miteremko ya udongo inayoteleza msimu wa masika. Nyingi ya pikipiki hizo hutumia magurudumu ya spoki. Makala haya yanafafanua jinsi spoki zinavyokazwa kwa spana ya kipimo, jinsi spana hiyo inavyotunzwa, na kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Kwa nini kipimo?
Spoki ni nyembamba, hivyo haiwezi kuhimili uzito kama nguzo. Hufanya kazi kwa kuvuta. Katika gurudumu lenye spoki 36, kila moja huvuta rimu kuielekea habu. Mvuto ukiwa sawa, mzigo hugawanyika. Moja ikilegea, jirani zake hubeba zaidi, huchoka, kisha hukatika, aghalabu kwenye kona iliyo karibu na habu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na spoki moja haibebi abiria. Hata hivyo, kukaza kupita kiasi nako ni hatari, kwani spoki hukatika au rimu hupinda. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Spana ya kipimo hupima toki, yaani kani ya kuzungusha, kwa nyutoni-mita. Ukining'iniza pakiti ya sukari ya kilo 1 umbali wa nusu mita kutoka kwenye nati, unapata takriban nyutoni-mita 5. Spoki nyingi za pikipiki huhitaji kiasi cha aina hiyo tu, ilhali nati ya ekseli huhitaji makumi ya nyutoni-mita. Kwa hiyo spana kubwa ya ekseli haifai kwa spoki. Kiasi kamili hutolewa na kitabu cha pikipiki husika.

Namna ya kuitumia
Kwanza, gurudumu liinuliwe lizunguke bila kugusa chini, na nati ndogo za spoki zisafishwe na kutiwa mafuta ya kulainisha kutu. Hatua hii ni muhimu, kwa sababu nati yenye kutu huifanya spana itoe ishara mapema: kinachopimwa huwa ukaidi wa kutu, wala si mvuto wa spoki.

Pili, fundi aanzie kwenye spoki iliyo karibu na vali. Akaze mpaka spana itoe mlio mfupi, kisha aache papo hapo. Aruke spoki mbili na kukaza ya tatu, hadi amalize duara. Duara la pili lianzie spoki inayofuata ile ya kwanza, na la tatu vivyo hivyo. Katika spoki 36, kila duara hugusa 12. Nati isizungushwe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja. Ikidai zaidi, rimu ichunguzwe kwanza kama imenyooka.

Mwisho, gurudumu lizungushwe na kila spoki igongwe kidogo. Spoki zilizokazwa sawa hulia kwa sauti zinazokaribiana. Iliyolegea huwa na sauti butu. Sikio la fundi mzoefu halifukuzwi na kifaa, husaidiwa nacho.

Utunzaji
Spana hii ni mizani. Isitumiwe kufungua nati zilizokwama, wala kama nyundo. Baada ya kazi, ile yenye springi irudishwe kwenye kipimo chake cha chini kabisa, bila kulegezwa kupita hapo, kisha iwekwe ndani ya kasha pakavu. Ikianguka, ihakikiwe upya kabla ya kuaminiwa. Vinginevyo, kanuni ya kawaida ni kuihakiki kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000.

Suala la lugha
Kiswahili kina jozi bayana ya vitenzi, *kaza* na *legeza*, lakini vyote viwili havitaji kiasi. Fundi humwambia mwanagenzi "kaza vizuri", na mwanagenzi hukadiria kwa nguvu za mkono wake. Vitabu vya pikipiki vyenye tarakimu mara nyingi huwa kwa Kiingereza, huku kazi ya gereji ikiendeshwa kwa Kiswahili na Gĩkũyũ. Pengo hilo la istilahi huishia barabarani, chini ya abiria. Tunapendekeza istilahi *spana ya kipimo*, kwa kuwa *spana* tayari imo midomoni mwa mafundi na *kipimo* hueleza kazi yake.

Hitimisho
Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tafsiri ya ukurasa mmoja wa vipimo, iliyobandikwa kwenye ukuta wa gereji, ni kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuianza muhula huu, akishirikiana na fundi wa mtaani kwake.